Pima silaha kwa hesabu kabla hujaiingiza kwenye programu

"Naendesha mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa marafiki wanne. Watatu niko nao hapa Mombasa na mmoja yuko Muscat, kwa hiyo tunacheza mtandaoni kwa Foundry, programu ya kuchezea michezo ya namna hii. Wahusika wote wako daraja la tatu. Nilitaka silaha za kwetu ziwemo, nisibaki na panga za Ulaya peke yake, nikatengeneza sime, rungu, jambia na Mkuki wa Radi wenye madhara ya 2d10, yaani dadu mbili za pande 10, na nyongeza ya uchawi ya +3. Mkuki nikampa mpiganaji wetu, ambaye nyongeza yake ya nguvu ni +3. Tangu hapo jitu aitwaye Ogre alikufa raundi ya pili, wachezaji wengine wanalalamika kwamba hawana kazi, na mmoja amekosa vipindi viwili mfululizo. Isitoshe, programu inatoa namba nisizozielewa: dadu zilionyesha 17, skrini ikaandika madhara 26, wakati mimi nilitarajia 23. Je, nimekosea kwenye programu au kwenye silaha yenyewe? Nimnyang'anye mkuki? Na je, naruhusiwa kuuza kijitabu cha silaha zangu hapo baadaye?"

Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna makosa mawili yaliyoshikana, na ukirekebisha moja tu, lingine litabaki likikusumbua. La kwanza ni dogo na liko kwenye programu: nyongeza ileile imehesabiwa mara mbili. La pili ni kubwa na liko kwenye mkuki wenyewe, ambao hata ungeandikwa sawasawa ungempa mpiganaji wako karibu mara tatu ya madhara yanayomfaa mtu wa daraja la tatu. Naona pia kwamba kinachokuuma zaidi ni yule rafiki aliyeacha kuja, na una haki ya kuumia. Tuanze na lile dogo tulimalize, kisha tukae na hilo kubwa.

Foundry, katika kanuni za toleo la tano, huchukua nyongeza ya uwezo kutoka kwenye karatasi ya mhusika na kuiongeza yenyewe kwenye madhara ya msingi ya silaha. Ina pia kisanduku cha pekee cha nyongeza ya uchawi, na namba unayoiandika humo huongezwa kwenye kulenga na kwenye madhara pia. Kwa hesabu yako, 17 za dadu, 3 za nguvu na 3 za uchawi ni 23, kama ulivyotarajia. Zile 3 zilizozidi zinatoka mahali pa tatu, na kwa uzoefu wangu mahali hapo ni mstari wa dadu, ambapo watu huandika 2d10 + 3 badala ya kuacha 2d10 peke yake. Ifungue silaha, futa +3 kwenye mstari wa dadu, uiache kwenye kisanduku cha uchawi tu, kisha mpige adui wa majaribio pigo moja. Jumla itakapotokea kwenye gumzo, ibonyeze: programu itakufunulia kila kipande kilichoingia kwenye hesabu, na hapo hutabahatisha tena.

Ili usirudi kwenye tatizo hili, usianze silaha mpya kwenye ukurasa mtupu. Foundry huja na hazina ya silaha za kawaida. Ivute silaha iliyo karibu zaidi na ile uliyonayo kichwani, itolee nakala, ubadilishe jina, picha na maelezo, na namba ziguse mwishoni kabisa. Nakala hiyo hubeba pia aina ya msingi ya silaha, ambayo ndiyo programu huitazama ili kujua kama mhusika ana ustadi nayo. Ukianza patupu na kuisahau, utamwona mtu aliyefunzwa panga maisha yake yote akilenga kama anayeshika upanga kwa mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mkuki. Waendeshaji wengi wanaoanza kutengeneza silaha huamini kwamba ukali wa silaha ni dadu yake ya madhara, na kwamba nyongeza ya +1 au +3 ni kitoweo tu cha pembeni. Mambo yako kinyume. Mchezo huu umejengwa ili nafasi ya kumpata adui isipande upesi: nyongeza ya ustadi huanzia +2 katika daraja la kwanza na kufika +6 tu katika daraja la 17. Kwa hiyo kila pointi unayoiongeza kwenye kulenga ni mali ya thamani sana, na inafaa tuihesabu pamoja, kwa kalamu, kabla ya kugusa kompyuta.

Mchukue mpiganaji wako kabla hajapata mkuki. Analenga kwa +5, yaani 3 za nguvu na 2 za ustadi. Mbele yake yuko goblini, adui mdogo ambaye katika kitabu cha 2014, kile cha kwanza cha toleo la tano, kinga yake ni 15 na uhai wake ni 7. Anarusha dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi, ukijumlisha zile 5 ameifikia kinga ya 15, kwa hiyo amepiga, na hizo ni pande 11 kati ya 20, sawa na asilimia 55. Kwa upanga wa kawaida wa 1d8 wastani wa dadu ni 4.5, na ukijumlisha 3 za nguvu unapata 7.5. Zidisha 7.5 kwa 0.55, kisha ongeza 0.05 mara 4.5 kwa ajili ya ile 20 kamili ambayo hufanya dadu za madhara zirushwe maradufu, na jibu ni 4.35. Hiyo ndiyo thamani halisi ya pigo lake moja, mapigo yanayokosa yakiwa yamehesabiwa humohumo.

Badilisha dadu peke yake, kutoka 1d8 hadi 1d10, na jibu linakuwa 4.95, ongezeko la kama asilimia 14. Irudishe 1d8 na umpe +1 ya uchawi: sasa anapata kwa asilimia 60, na kila pigo linalopata lina pointi moja zaidi, kwa hiyo jibu linapanda hadi 5.33, ongezeko la asilimia 22. Ile +1 iliyoonekana ndogo imeishinda dadu kubwa kwa sababu inafanya kazi mara mbili, katika kulenga na katika kuumiza. Mkuki wako wa 2d10 na +3, ukiandikwa sawasawa, unafika 12.45, pamoja na zile 3 zilizorudiwa unafika 14.55. Rafiki aliyekaa pembeni na upanga wake wa 4.35 anahitaji zamu tatu kufanya kazi ya zamu moja ya mwenzake. Ogre ana uhai wa 59 na kinga ya 11 tu. Kwa upanga wa kawaida angehitaji mapigo kumi hivi ili aanguke, na kwa mkuki wako yanatosha matatu au manne. Yule aliyeacha kuja huenda hakuhesabu chochote, lakini aliiona tofauti hiyo kwa macho yake.

Hesabu hii iweke kwenye jedwali la Google Sheets au LibreOffice Calc, zote za bure. Safu ya kwanza iwe nyongeza ya kulenga, ya pili kinga ya adui, ya tatu wastani wa dadu, ya nne nyongeza ya madhara. Nafasi ya kupata ni 21 jumlisha nyongeza toa kinga, yote ukigawanya kwa 20, na isishuke chini ya 0.05 wala isizidi 0.95. Mimi hujaza jedwali hilo kwa kinga ya 12, ya 15 na ya 18, kwa sababu silaha inayoonekana ya kiasi mbele ya adui mwepesi huweza kuwa balaa mbele ya mwenye deraya nzito. Silaha mpya ikizidi ile ya kawaida kwa asilimia 20 hivi katika madaraja ya mwanzo, nasimama na kujiuliza kama imestahili. Kiwango hicho ni maamuzi yangu mwenyewe, kitabu hakikitaji, ila kimenifaa miaka mingi.

Wastani nao hausemi yote. Katika tovuti ya AnyDice, ambayo haidai malipo, andika output 2d6, na chini yake output 1d12, utazame michoro miwili itakayotokea. Wastani ni 7 na 6.5, karibu sawa, lakini upanga mkubwa wa 2d6 hutoa 12 mara moja tu katika mara 36, wakati shoka kubwa la 1d12 huitoa mara moja katika kila 12, na huitoa 1 kwa wingi uleule. Upanga ni silaha ya mtu anayetaka uhakika. Shoka ni la anayependa kushtukiza. Ukimjua mchezaji wako, tofauti hiyo inatosha kuipa silaha tabia yake bila kuongeza pointi hata moja.

Jambo ambalo jedwali halitakuonyesha ni sifa za silaha, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko kwenye dadu. Iko sifa inayomruhusu mtu kupiga kwa wepesi badala ya nguvu. Inaonekana haina madhara, lakini ndiyo inayofungua shambulio la kuvizia la mwizi, kwa hiyo ukiitia kwenye silaha kubwa ya mikono miwili umempa mwizi kitu ambacho mchezo ulimnyima kwa makusudi. Sifa ya silaha ndefu inayofika futi 10, na ile ya silaha nzito, zote zimefungamana na vipaji ambavyo wahusika huvipata baadaye. Katika kanuni za 2014, mwenye kipaji cha silaha kubwa hukubali kupunguza kulenga kwa 5 ili aongeze madhara kwa 10, na mtu wa namna hiyo akikabidhiwa silaha nzito yenye +3 amerudishiwa sehemu kubwa ya kile alichotakiwa kukilipia. Kabla hujaweka alama kwenye kisanduku chochote cha sifa, uliza ni nani mezani atanufaika nacho daraja la tano likifika, ambapo mpiganaji huanza kupiga mara mbili kwa zamu na kila nyongeza yako nayo huhesabiwa mara mbili.

Habari njema ni kwamba silaha ulizozipenda kwanza, zile za kwetu, hazihitaji hatari yoyote kati ya hizi. Kitabu chenyewe cha 2014 kinatoa mfano wa kuchukua silaha iliyopo na kuipa jina na umbo lingine: nunchaku ya Japani kimeipa namba za rungu dogo, na mundu wa Kijapani uitwao "kama" kimeupa namba za mundu wa kawaida. Fuata njia hiyohiyo. Jambia ni kisu cha 1d4, chepesi, kinachoweza kurushwa. Sime ina makali pande zote mbili na hupanuka kuelekea nchani. Ipe namba za upanga mfupi, yaani 1d6, nyepesi na ya wepesi wa mkono. Kitabu kinasema upanga mfupi huchoma, nami ningebadilisha madhara ya sime yawe ya kukata, kwa sababu uzito wake uko mbele na kazi yake kubwa ni kufyeka. Badiliko hilo ni dogo kiasi kwamba halivunji chochote, ila mchezaji akisoma "kukata" kwenye karatasi yake ataiona sime mkononi.

Rungu ndilo linalohitaji fikra kidogo. Ukilitafsiri neno kwa neno utachagua ile silaha ya kitabu ya 1d4 ambayo haina sifa ya kurushwa, na kila aliyewahi kumwona mchungaji akilirusha rungu lake anajua kwamba umelikata nusu ya kazi yake. Namba zinazolifaa ziko kwenye nyundo nyepesi: 1d4 ya kuponda, nyepesi, ya kurushwa futi 20 bila shida na hadi 60 kwa shida. Itolee nakala, iite rungu, na kazi imekwisha. Kama meza yenu itahamia kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024, kila silaha ina pia umahiri wake, mmoja kati ya minane, kama vile kumsukuma adui futi 10, kumwangusha chini, au kumpunguzia mwendo. Rungu la kitabu lina huo wa kupunguza mwendo. Mimi ningeuhamishia kwenye rungu lako badala ya ule wa nyundo, kwa sababu mtu aliyepigwa rungu la goti hawezi kukimbia.

Turudi kwa Mkuki wa Radi. Una njia tatu, na si zote ninazozipenda. Wengi hukimbilia kuwaimarisha maadui, na hiyo nakusihi usiifanye. Ukipandisha kinga ya adui kutoka 15 hadi 18, mwenye mkuki hushuka kutoka asilimia 70 hadi 55, lakini wenzake wenye +5 hushuka kutoka 55 hadi 40. Yaani utakuwa umewaadhibu kwa uzito zaidi walewale uliotaka kuwasaidia. Njia ya pili ni kuwapa wote silaha kali, ili wawe sawa. Inawezekana, na kuna meza zinazoupenda mchezo wa namna hiyo, lakini utatupa vipimo vyote vya maadui vilivyomo kitabuni na kuanza kuvitunga upya mwenyewe kila juma.

Njia ninayokushauri ni kuuandika mkuki upya. Katika mwongozo wa mwendeshaji, silaha ya +3 ni ya adimu kubwa, ambayo hutarajiwa kuanzia daraja la 11. Ya +1 inafaa tangu mwanzo. Tena mchezo huu tayari una mkuki wa radi: mkuki mdogo wa kurusha, wa adimu ya chini kabisa inayozidi vitu vya kawaida, ambao mwenyewe akiurusha na kutamka neno lake hugeuka radi iliyonyooka hadi futi 120. Kila aliye kwenye mstari huo, mbali na mrushaji na mlengwa, hujaribu kukwepa kwa wepesi akihitaji 13, na akishindwa hupata madhara ya 4d6, akifaulu hupata nusu; mlengwa mwenyewe hupigwa kwa kulenga, na akipatwa huongezewa 4d6 juu ya madhara ya mkuki. Baada ya hapo haufanyi hivyo tena mpaka alfajiri, ila hubaki silaha ya uchawi. Wastani wa 4d6 ni 14, kwa hiyo mara moja kwa siku mpiganaji wako ataangaza ukumbi mzima, na mapigo yaliyobaki atakuwa sawa na wenzake. Badilisha umbo liwe la mkuki mrefu wa 1d6, au 1d8 ukishikwa kwa mikono miwili, na jina lako libaki. Mtu hukumbuka zaidi ile radi moja kuliko nyongeza inayojirudia kila pigo.

Usiubadilishe kimyakimya usiku, akafungua karatasi yake akakuta namba zimeshuka. Mpigie simu kabla ya kipindi, umwambie kwamba kosa lilikuwa lako, na umpe nafasi ya kuchagua neno la kuiamsha radi. Mimi niliwahi kumpunguzia mchezaji nguvu ya upinde wake bila kumwambia, nikidhani hataona. Aliona kwenye pigo la kwanza, akanyamaza, na ilinichukua miezi kurudisha imani yake. Yule aliyekosa vipindi viwili naye usimwandikie kwenye kundi mbele ya wote. Kama yuko Mombasa, mfuate mkanywe chai. Jambo kama hili hutatulika uso kwa uso, na huenda ukasikia sababu nyingine kabisa isiyohusu mkuki.

Kuhusu zana nyingine nitasema kwa ufupi. D&D Beyond, tovuti rasmi ya mchezo huu, haikuruhusu kutunga aina mpya kabisa ya silaha; hukutaka utengeneze kifaa cha uchawi juu ya silaha iliyopo. Hilo lina athari, kwa kuwa baadhi ya maadui wa kanuni za 2014 hupunguza madhara ya silaha zisizo za uchawi, na sime yako ya kawaida isije ikahesabiwa ya uchawi kwa sababu ya fomu. Humo ni salama zaidi kuongeza upanga mfupi kwenye karatasi ya mhusika na kubadilisha jina lake tu. Roll20, yenye kazi kama ya Foundry, hufunguka kwenye kivinjari, ina ngazi ya bure, na shambulio unaweza kuliandika kwa mkono, jambo linalowafaa wasio na kompyuta yenye nguvu. Wewe umekwisha kuilipia Foundry, ambayo hununuliwa mara moja tu, na wachezaji wako hawadaiwi kitu. Sioni sababu ya kuhama.

Kucheza nyumbani na marafiki hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuuza ni jambo jingine, lakini mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa kati ya Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu, na wachezaji kuhusu leseni yake ya zamani, hati ya kanuni iitwayo SRD 5.1 ilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, toleo la 4.0. Maana yake ni kwamba kanuni zilizomo ndani ya hati hiyo unaweza kuzitumia hata kwa biashara, mradi uweke maneno ya kutaja chanzo kama hati inavyoagiza. Haikupi nembo zao, picha zao wala yaliyomo vitabuni mwao nje ya hati hiyo, na hata kipaji cha silaha kubwa nilichokitaja juu hakimo. Sime, rungu na jambia si mali ya kampuni yoyote. Kijitabu chenyewe unaweza kukipanga kwenye The Homebrewery bila malipo, na picha uzichore mwenyewe kwa Krita au Inkscape, au umlipe mchoraji na muandikiane. Siku utakapotaka kuweka bei, mwone wakili anayejua haki miliki, ukiwa na rasimu yako mkononi, kwa sababu leseni hulindwa na maneno yake halisi, na mimi si wakili.

Kabla ya kipindi kijacho, kaa na mpiganaji wako na dadu halisi, si za kwenye skrini. Mwekee Ogre mmoja, mpige raundi tano kwa mkuki mpya na raundi tano kwa upanga wa kawaida, mkiandika kila pigo kwenye karatasi. Itawachukua nusu saa. Kama kuna mwendeshaji mzoefu hapo mjini, mwalike akae mezani kipindi kizima bila kucheza, akitazama tu, kwa maana yako mambo mengi ambayo mimi siwezi kuyaona kupitia barua: nani hungoja zamu yake kwa hamu, na nani anashika simu zamu ya mwenzake ikianza.